Kofia ya Daktari Mpole

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Bango limebandikwa ukutani mkabala na saluni yangu, kubwa kuliko mlango. Tamthilia ya Wodi ya Juu, iliyokwisha zamani vizuri na kutuacha na amani yetu, inarudi kama filamu. Inaanza kuonyeshwa Jumamosi. Na kwenye bango Daktari Mpole, shujaa wetu, amevaa kofia.

Kofia! Misimu yote ile hakuwahi kuvaa kofia, hata mvua inyeshe. Mtu havai kofia bure. Chini yake kuna upara, naapa. Nimeketi kwenye kiti cha wateja, nalitazama kupitia dirishani.

Wanaume wengi wa mtaa huu wamenyolewa mtindo wa "Mpole": pembeni chini, juu zimejaa, na njia moja nyembamba iliyochorwa kwa wembe upande mmoja wa kichwa. Mimi ndiye niliyeuleta. Televisheni yangu iko juu ya kioo. Mteja anamtazama Daktari juu, anajitazama chini, anaona pacha wake. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Na mimi mwenyewe nanyoa hivyo. Sijauacha tangu siku ile binti mmoja fundi wa mapazia aliposimama mlangoni kupima dirisha, akanitazama kichwa, akacheka mpaka futi ikamdondoka. Akasema nimeiga Daktari Mpole. Leo ni mke wangu. Sasa Daktari akirudi na upara, au mlevi, au mtu wa kupiga watu ngumi, mke wangu atanitazama na kuona nini? Kinyozi tu, tena mwenye kitambi.

Nimeamua. Mke wangu haioni filamu hii.

Jumanne, 4 Machi

Saluni imegeuka bunge. Mwalimu wa hesabu, mteja wangu wa siku zote, anasema hadithi iliyokwisha vizuri iachwe ilale. Tulikaa na watu wale jioni kwa jioni, anasema, tukajua hata wanavyokunywa chai. Saa mbili za filamu zitatosha nini? Fundi baiskeli akampinga. Yeye anataka tu kujua kama Daktari alimwoa yule nesi wa zamu ya usiku, hata akiambiwa kwa dakika moja anashukuru.

Nikamuunga mkono mwalimu kwa sauti kubwa. Nikahubiri. Nikasema filamu hii ni kufukua kaburi. Nikasahau mashine iko kichwani mwa fundi baiskeli. Ameondoka na kidimbwi cha ngozi tupu nyuma ya sikio. Nimemwambia ndio mtindo unaokuja.

Jioni nikamwambia mke wangu, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba viti vya sinema vina kunguni wakubwa kama maharage. Akaacha kushona. Akauliza nimejuaje. Nikasema wateja wamekuja wanajikuna. Akarudi kushona. Kazi imekwisha! Nimelala usingizi wa mtoto.

Jumatano, 5 Machi

Haijaisha. Mke wangu amenunua dawa ya kupulizia, kopo kubwa. Anasema kunguni hawawezi kumzuia kumwona Daktari. Mbaya zaidi, amewaambia dada yake na majirani wote, nao wamewaambia wengine.

Adhuhuri meneja wa sinema akasimama mlangoni pangu. Mrefu, suti, mkono umeshika fremu ya mlango. Akauliza kwa upole wa kutisha ni kinyozi gani anayewatangazia watu kwamba ukumbi wake una kunguni, maana ameambiwa habari zimetoka kwa kinyozi. Nikanyoosha kidole nje ya dirisha, ng'ambo ya barabara, kwa Mkasi.

Mkasi ni kinyozi mwenzangu na adui yangu. Ana feni mbili.

Nimechungulia nyuma ya pazia mchana kutwa. Meneja aliingia kwa Mkasi amekunja uso. Akatoka amenyolewa, amepakwa mafuta, anacheka. Wakapeana mikono mlangoni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejua kwa nini walipeana mikono. Mkasi amepewa nafasi ya kuweka kiti chake ndani ya sinema siku ya uzinduzi, pale mapokezi, karibu na sanamu la kadibodi la Daktari Mpole. Atanyoa watu huko! Ni mimi niliyemtuma meneja kwake. Ningeweza kujipiga kofi, lakini mteja alikuwa anatazama.

Shemeji, dada wa mke wangu, ameleta tiketi tatu. Moja yangu. Nimeshukuru kwa meno.

Usiku sikula. Nimeanza kukohoa kidogo kidogo, kwa maandalizi.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nilikuwa mgonjwa taabani. Nilitegemea mke mwema hamwachi mume anayekufa. Akanigusa paji la uso, akaweka maji kando ya kitanda, akanitakia nafuu, akaondoka na dada yake na kopo la dawa.

Hapo ndipo hofu ya kweli iliponishika. Atamwona Daktari na upara wake, na mimi sipo kumwelezea chochote! Nikavaa shati kinyume nikakimbia.

Nilimpata mlangoni mwa ukumbi, taa zinazimwa. Hakushangaa. Alinisogezea tiketi yangu na karanga.

Nitasema ukweli: filamu mbovu. Wodi ya Juu imevunjwa, pamejengwa maegesho. Daktari anaendesha gari kwa kasi, yeye aliyekuwa akitembea mpaka wagonjwa wanalala wakimsubiri. Kuna helikopta. Nani aliomba helikopta? Nesi wa zamu ya usiku kapewa sentensi mbili. Mwalimu, safu ya mbele, alikuwa akitikisa kichwa kila mara kama anayesahihisha madaftari. Na kofia haitoki. Haitoki! Kila Daktari alipoipelekea mkono nilishika mkono wa mke wangu, nikadhani nitaomba wakate umeme.

Halafu, karibu na mwisho, Daktari akaingia chumba cha mgonjwa mzee asiye na mgeni. Akavuta kiti. Akaketi kando yake, kama zamani. Akavua kofia, akaiweka magotini.

Nywele zipo! Nyeupe pepepe, lakini zipo, na njia ipo. Nililia. Fundi baiskeli alilia. Kwa muda ule mfupi ilikuwa tena ile tamthilia yetu, na niliusamehe ulimwengu, hata helikopta.

Ningeondoka hapo hapo, ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini shemeji akataka picha pale mapokezi. Wateja wangu wote wakajipanga kando ya sanamu la kadibodi, nami katikati, kifua mbele. Shemeji akainua simu. Akaishusha. Mkasi, kwenye kiti chake, akaanza kucheka polepole.

Njia ya Daktari iko kushoto kwa kichwa chake. Zetu ziko kulia. Sote! Kwenye kioo changu tulikuwa pacha wake miaka yote, kwa sababu kioo kinageuza na televisheni haigeuzi. Mwalimu wa hesabu alijigusa kichwa, akamgusa Daktari, akajigusa tena. Kisha wote wakanigeukia.

Sijui nilifikaje nyumbani. Nadhani kwa mbio.

Jumapili, 9 Machi

Foleni ya Mkasi imefika kona. Nimefunga saluni, nimejificha nyuma na kikombe cha chai baridi.

Mke wangu akaja, akaketi kwenye kiti cha wateja. Nikamuuliza kama amegundua jambo la njia. Akasema aligundua siku ile ya kupima dirisha. Yeye hutazama televisheni nyumbani, hana kioo chini yake. Ndiyo maana alicheka: aliona mtu aliyekosea kwa moyo wake wote, akatamani kumjua zaidi. Akasema filamu ilikuwa mbovu, haikufikia tamthilia hata nusu, ila kile kiti kando ya mgonjwa kimemtosha. Akasema nisiogope. Hakunipenda kwa ajili ya Daktari. Daktari hata hakumvutia. Kwenye tamthilia aliyekuwa akimfurahisha ni yule mtunza stoo mnene mwenye masharubu.

Akanibusu njia yangu ya kulia, akaenda kupeleka mapazia kwa mteja.

Nimekaa nikayatafakari maneno yake kwa makini, moja baada ya jingine. Mtunza stoo! Miaka yote hii, masharubu! Namshukuru Mungu nimejua mapema kabla hawajamtengenezea naye filamu.

Mimi masharubu hayanioti. Lakini sakafu bado haijafagiliwa, na kwenye vumbi kuna nywele za mwalimu, nyeusi, nzito, na gundi ipo kwenye droo. Nimebandika. Yananing'inia kidogo upande mmoja, lakini kwa mbali ni mtunza stoo kabisa. Nasikia viatu vya mke wangu vinarudi. Sina wasiwasi na lolote, ila naogopa kupiga chafya.