Ngogwe Ishirini za Mwalimu Tupokigwe

Jongeeni, enyi watu wa nyanda za juu, wekeni chini majembe na vikombe vya chai, mpate habari za Tupokigwe wa Iyunga, mwalimu wa kemia na mpanga chembe, aliyetoka Mbeya alfajiri na jeshi la viazi ishirini mfukoni, akaupasua ukungu wa Nyololo, akaingia Iringa alasiri kwa shangazi yake Frida.

Vita vyenyewe vilikuwa kesho yake. Mbele ya walimu wa sayansi angeonyesha kwa viazi hivyo, kila kiazi chembe moja, namna chembe za boroni zinavyojipanga kadiri zinavyoongezeka: tatu hufanya pembetatu, kumi na mbili bado hutandazika mfano wa ungo, tatu katikati, tisa zikizizunguka, bali zikitimia ishirini, wasema wakokotozi, hukataa kulala, husimama pete mbili za kumi kumi kama ngoma. Na kati ya walimu hao angeketi Mzee Kalinga, aliyemwambia zamani, mbele ya kidato cha tatu kizima, kwamba kichwa chake hakikuumbwa kwa kemia. Neno hilo Tupokigwe alilibeba miaka kumi na minne, na lilimuuma bado.

Lakini Shangazi Frida, mlinzi wa desturi, alijua kuwa mfuko wa mgeni ni wa mwenyeji, na kuuliza ni kumwaibisha mgeni. Shujaa alipotoka kuoga, jeshi lote lilikuwa sufuriani. Angesema nini, naye amelelewa? Alilila jeshi lake kwa chumvi na pilipili, akashukuru, na kibaya zaidi lilikuwa tamu.

Asubuhi akakiri. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamchumia bustanini ngogwe ishirini, zile nyanya chungu, changa na ngumu. Tupokigwe akatwaa njiti za meno kama mikuki, akaunga pete ya chini, akapandisha ya juu, kila ngogwe juu ya mwenzake. Ngoma ikaanguka. Akaijenga tena, ikaanguka tena, na ngogwe moja ikakimbilia kwa kuku. Saa zilikuwa zinakwenda, naye akazidi kuharakisha.

Ndipo akanena Frida, mpanga mafungu wa sokoni kwa miaka thelathini: "Mwanangu, ya juu haikai kichwani kwa mwenzake. Inakaa bondeni, katikati ya mbili. Ukiipandisha kichwani itadondoka tu, na wateja watakucheka."

Tupokigwe akaufunua mchoro wa chembe aliokuja nao. Naam, ndivyo ulivyosema tangu mwanzo. Hofu ndiyo iliyomfumba macho. Akaizungusha pete ya juu kidogo, na ngoma ikasimama.

Mchana ule, mbele ya walimu wote, Mzee Kalinga aliinama, akaizunguka ngoma, kisha akaipiga meza kwa kiganja. Ngogwe zikatetemeka. Hakuna iliyoanguka.

"Tupokigwe," akasema, akiwageukia wenzake ili wasikie, "niliwahi kukwambia neno mbele ya watu. Leo nalirudisha mbele ya watu. Nilikosea mimi."

Miaka kumi na minne alikuwa akiandaa hotuba ya kumjibu. Akasema tu, "Asante, mwalimu," na machozi yakamtoka.

Basi na ikumbukwe kotekote, toka Mbeya hata Iringa: siku hiyo ngogwe ishirini zilisimama, na mwanamke mmoja akautua mzigo. Jioni Shangazi Frida alizikaanga na nyanya. Safari hii aliuliza kwanza.