Plastiki Inayotibiwa Kabla ya Mama Yangu

Kwa Mkuu wa Idara ya Mionzi, hospitali yetu ya Saint Paul.

Mheshimiwa,

Anayekuandikia ni Byamungu wa Richfield, dereva ambaye barafu ya Minnesota humpisha, fundi wa kila kinachotumia umeme, na mkalimani wa lugha sita, mbili kati yake bado sijaanza kujifunza. Kwa heshima zote, nina malalamiko.

1. Kila asubuhi, kabla mama yangu hajalala chini ya mashine ya kuchoma saratani, Madame Margaret wenu analaza pale vipande vya plastiki, anavipiga mionzi, anasoma namba. Plastiki haina saratani. Haina hata bima. Kwa nini inatangulia?

2. Jumatatu namba ilizidi kwa asilimia tano tu, tukarudishwa nyumbani. Mimi barabarani huzidisha mwendo zaidi ya hapo na gari halijawahi kunirudisha. Mama mwenyewe chumvi ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, huipima kwa kiganja, na hakuna mgeni aliyelalamika, labda yule mchungaji, naye ana presha.

3. Mnaipima kila siku kwa sababu hamuiamini. Ningekuwa mimi ndiyo mashine, ningeshanuna nikahamia mji wa Crystal.

4. Sasa akina mama wa kanisa letu wamefunga, wanaiombea mashine yenu ipone. Jumapili kwaya iliimba imekaa kwa njaa. Na Mama ameapa hakanyagi huko mpaka ipone. Hasara yote hiyo naiandika kwa jina lenu.

Kwa hiyo naomba plastiki itibiwe Jumamosi, na mashine niachiwe mimi kidogo. Spika ya kanisa ilipokoroma niliipiga kofi moja, ikanyooka. Kofi likishindwa, nitalala pale mwenyewe niwaambie kama ni moto sana.

Nasubiri jibu kwa adabu, ila adabu yangu ni fupi. Salamu kwa Madame Margaret, kwa mlinzi wa maegesho, na kwa plastiki, tunaitakia nafuu.

Byamungu

N.B. Daktari alisema Mama asikose hata siku moja. Madame Margaret alinieleza taratibu kwamba wanapima ili mionzi isizidi ikamuunguza, wala isipungue ikaacha ugonjwa. Nilishika nusu, nikaona haya kuuliza mbele ya Mama, nikamtafsiria kwamba mashine imepata kichaa na imeunguza watu. Tafadhali mpigieni Mama simu leo, kupitia mkalimani wenu. Mimi nikimwambia ukweli sasa, anadhani namdanganya ili apande gari.