Mfuko wa Kulalia Ulioumuka Kupita Kiasi

Kwa Kaka Mkubwa, mpima ardhi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa miezi minne bila kukuandikia. Si kiburi, kila nilipotafuta kalamu, mpwa wako alikuwa ameshaificha.

Naandika kukushtaki wewe na karatasi yako ya maelekezo. Uliponipa ule mfuko wa kulalia, ulikuwa umekazwa kamba miaka kumi na moja, mdogo kama mkate, kama alivyotufundisha marehemu baba kwamba kitu kisichobanwa hakijahifadhiwa. Manyoya ya bata ndani yalikuwa yamegandamana. Ulikuwa bapa, wa baridi, unanuka hema kuukuu. Nikaupenda, maana hakuna mwingine aliyeutaka. Humu ndani, kaka, kilikuwa kitu changu pekee.

Ndipo ukanitumia karatasi. Nimeifuata neno kwa neno, na madhara yake ni haya:

1. Niliufua kwenye beseni kwa sabuni kidogo, nikausuuza mara tano bila kuukamua. Shemeji yako aliponisaidia kuushusha kwa dobi ukiwa umelowa, aliuliza ngazi nzima, juu hadi chini, kama nimefua ng'ombe.

2. Umeandika kwamba kwenye mashine ya kukaushia, moto uwe mdogo na iwekwe mipira mitatu ya tenisi ili iyapige manyoya yaachane. Dobi alinitazama kama nimepungukiwa. Mpwa wako alikaa mbele ya kioo cha mashine kwa saa tatu akishangilia, kisha akaililia mipira mpaka akapewa. Sasa anaipiga sakafuni, na jirani wa chini anamjibu kwa fagio.

3. Kila nusu saa niliutoa nikayavunja mabonge kwa vidole, moja moja. Mfuko ukaumuka, kaka. Ukanenepa kuliko sisi wote.

4. Unasema usikunjwe tena, utundikwe. Umetundikwa mlangoni. Mama mkwe alipokuja bila miwani, aliusalimia na kuuliza habari za nyumbani kwao.

5. Hili ndilo linaloniuma. Tangu upate joto, wamefungua zipu wakaufanya blanketi. Mpwa wako anakoroma katikati, baba yake amejibanza kando, eti anamwangalia mtoto. Mimi niliyevunja kila bonge nalala pembeni na shuka, miguu nje.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, maelekezo ya kuurudisha ulivyokuwa: bapa, wa baridi, usiotamaniwa na mtu. Ukishindwa, njoo uuchukue. Nimesema, na sirudi nyuma.

Nisalimie wifi, watoto na mama. Mwambie mama mjukuu wake anakula vizuri, vikiwemo visivyoliwa.

Mimi mdogo wako,
Mama Asiyelala

Nyongeza: Usije. Leo mchana jirani wa chini alipanda na fagio lake, akaona macho yangu yaliyovimba kwa usingizi, akamchukua mtoto pamoja na mipira. Nikaamua kuubana mfuko mwenyewe, nikaukalia kama baba alivyokuwa akifanya. Nikazama. Nimeamka saa kumi alasiri, nina alama ya zipu shavuni, na sijawahi kukupenda hivi. Basi nitumie haya: ule mfuko wa pili ulio juu ya kabati lako, tafadhali ufungue kamba leo leo, mipira mitatu mingine, kichwa kimoja cha zipu cha upande wa ndani, na kufuli dogo, linaloweza kufungwa kwa ndani.