Mkenya wa Dakika Arobaini

Leo aibu imenitafuta, ikanipata, ikanikalia.

Nawaandikia nikiwa kwenye metro, kofia nimeishusha mpaka puani. Kuna mwanamume kiti cha mbele ananiangalia sana. Sijui kama na yeye alikuwepo asubuhi. Naomba Mungu iwe amenipenda tu.

Kwa wasionijua: naitwa Nekesa, wa Bungoma, naishi Al Nahda, hapa Dubai, kwenye chumba cha vitanda vya juu na chini. Kazi yangu ni kutoa taulo kwenye gym ya hoteli. Good morning sir, taulo. Good morning madam, taulo. Nikitoka hapo nilikuwa nasoma, jamani, mpaka nikamaliza digrii ya usimamizi wa michezo. Usimamizi! Yaani wengine wakimbie, mimi nisimame. Nilichagua kwa makusudi kabisa.

Sasa kuna chuo kimoja huku kinatafuta msaidizi wa idara ya michezo. Unasoma shahada ya pili, unawafanyia kazi za mashindano, nao wanakusamehe karo yote. Yote! Kwangu hiyo ndiyo njia pekee ya kuachana na taulo, maana karo ya huku ukiiona unaweza kurudi Bungoma kwa miguu. Tuliochaguliwa ni wachache, tukaambiwa leo asubuhi twende Jumeirah Village Circle kwenye mbio za familia, kilomita tano, watuangalie tunavyofanya kazi. Mimi nikapangiwa meza ya maji. Mkubwa wa idara ni Mmisri, ana filimbi shingoni na kitambi kinachotangulia, na kila mtu anamwita Kapteni.

Meza ya maji. Shikeni hilo.

Nilipoamka nikamkuta Dada Mwanaisha, mama wa Mombasa ninayelala naye chumba kimoja, ameshapika. Mahamri. Na mbaazi za nazi zinazochemka taratibu huku zikikuita jina.

"Da Mwana, nikishiba hivi nitaweza kazi kweli?"

"Kazi gani? Wenda kugawa maji, hwendi kukimbia. Kula, mwanangu, chuo hakitaki mtu wa kuanguka."

Nikala. (Nikaongeza.) Sahani nikaipangusa kwa hamri la mwisho, nikapanda carlift, gari la kuchangia nauli, na Wafilipino wawili waliolala njia nzima. Mimi na mbaazi zangu tulikuwa macho.

Kufika, bustani imejaa. Muziki, watoto, wazee, mbwa waliovaa fulana. Nikaanza kupanga chupa zangu vizuri, lebo zote zinatazama mbele, ili Kapteni akipita aone kwamba huyu binti amesomea. Nikasikia filimbi.

Hapa niwaeleze kidogo. Kwenye mbio kama hizi kuna watu wa kuongoza mwendo. Kila mmoja anafungwa mgongoni bendera ndefu yenye dakika zake. Ukitaka kumaliza kwa dakika thelathini, unamfuata wa thelathini, basi, hufikirii kitu kingine. Sasa yule wa arobaini alikuwa amepiga simu kwamba tumbo linamsokota, haji. (Naye sijui alikula kwa nani.)

"Nekesa! Wewe si Mkenya?"

"Mkenya, Kapteni, lakini..."

"Khalas!"

Yaani yamekwisha. Ile lakini yangu ikafia hapo hapo. Nikajaribu tena. "Kapteni, mimi ni wa maji."

"Maji hata mtoto atagawa. Mkenya ninaye mmoja tu. Dakika arobaini kwako ni kulala. Yalla!"

Wenzangu mlioko Dubai mnajua. Huku ukishasema unatoka Kenya, umeshakimbia. Dereva wa teksi anakuuliza medali zako umeziweka wapi. Mlinzi wa jengo letu, Mnepali, ananiita champion kila nikipanda ngazi, na napanda nikihema. Wala huwa sikatai. Sifa ya bure utaikataaje? Lakini kwetu mbio ninazozijua mimi ni za kumkamata kuku wageni wakija, na hata hizo nilikuwa natuma wadogo zangu.

Nikafikiria kukataa. Halafu nikafikiria taulo. Nikasema, "Inshallah, Kapteni."

Wakanifunga bendera. Ndefu, ya njano, namba arobaini kubwa kama bei ya mchele. Kufumba na kufumbua nimezungukwa. Watu kama hamsini! Wanapiga picha na mimi. Mzee mmoja akaniuliza kwa heshima kama nimelelewa milimani, maana alisikia hewa ya huko ndiyo siri. Nikamwambia kwetu ni juu kidogo. (Ni juu kidogo kuliko Busia.) Kisha akaja mama wa Kizungu mwenye kofia ya waridi, akajitambulisha kwa jina la Margaret, akanishika mkono kama tunafunga ndoa.

"Mimi leo nakufuata wewe tu," akasema. "Siangalii saa, siangalii njia. Naangalia bendera."

Ningejua ningemwambia aangalie njia.

Tukaanza. Watu wakapiga kelele, "Kenya! Kenya!" Na mimi, badala ya kwenda mwendo wa dakika arobaini, kichwa kikavimba nikatoka kama nimeibiwa. Nilijiona niko kwenye televisheni. Hiyo televisheni ilizimika kabla hata sijafika kona ya kwanza. Mapafu yakagoma. Miguu ikauliza tunaenda wapi. Na kule chini, mbaazi zikaamka.

Nikapunguza mwendo. Nyuma yangu nikasikia Margaret: "Mnaona? Anatunza nguvu." Wote wakapunguza.

Nikashika kiuno kwa sababu ya kichomi. Nikageuka kidogo, nikaona watu hamsini wameshika kiuno.

"Inasaidia kupumua," Margaret akawaeleza wenzake.

Nikanyoosha mkono juu, nikipunga kuwaambia nipiteni jamani, tangulieni, niacheni nife. Mikono yote ikaenda juu, ikaanza kupunga. Watoto waliosimama pembeni wakatupungia pia. Mimi hapo machozi yananilenga na siwezi kusema hata neno moja, na hata huo ukimya wangu wakausifu! Mzee wa milimani nikamsikia akisema, "Angalieni nidhamu. Haongei."

Haongei kwa sababu akifungua mdomo zitatoka mbaazi, mzee wangu.

Halafu tumbo likapiga ngoma. Si ya kubembeleza. Ya mwisho. Kila mtu hapa amewahi kuisikia, tusidanganyane. Nikaanza kuangaza macho huku na huku, na kule ng'ambo ya nyasi, nyuma ya bembea za watoto, nikaona kibao cha choo. Sijawahi kuona maandishi mazuri kama yale.

Hapo sikuwaza karo, sikuwaza Kapteni, sikuwaza Kenya. Nikaacha barabara, nikakata kupitia nyasi, na kwa mara ya kwanza leo, labda kwa mara ya kwanza maishani, nikakimbia kweli.

"Anaongeza kasi!" Margaret akapiga yowe. "Twendeni!"

Jamani.

Wakanifuata wote. Tukapita kwenye nyasi, tukapita katikati ya bembea, mama mmoja akamnyakua mtoto wake. Maji ya kumwagilia yalikuwa yanarushwa, tukapita hapo pia. Wale wa dakika thelathini na tano, waliokuwa upande wa pili wa bustani, walipoona umati unakata kona kwa kasi ile wakadhani njia imebadilishwa. Na wao wakaja. Nilikuwa nasikia vishindo nyuma yangu na siwezi kugeuka, maana nikigeuka mambo yataharibika kabla ya kufika.

Nikafika mlangoni. Bendera ikanasa juu ya fremu, ikanirudisha nyuma nikakaa chini pwaa! Nikainuka, nikainama kama naingia kwenye banda la kuku, nikapita, nikajifungia chumba cha mwisho. Nikashukuru Mungu.

Halafu nikasikia viatu. Vingi. Wanawake wote walikuwa wameingia. Wanaume nawasikia nje wanahema, wanauliza kama hapa ndipo nusu ya njia.

Nikajiambia wakikosa kuniona watatoka. Kumbe vile vyumba kuta zake ni fupi, na bendera bado iko mgongoni kwangu! Imesimama juu ya mlango, njano, arobaini, inatangaza nilipo. Nikijikunja inatikisika. Nikitulia inatulia.

Kofia ya waridi ikabisha hodi.

"Mpenzi, hiki ni kituo cha nini?"

Ni kituo cha nini kweli? Nikasema kwa sauti ya kitaalamu niliyoitoa sijui wapi, "Ni cha mapumziko, madam. Nyoosheni misuli."

Nikawasikia wananyoosha misuli. Kwenye sinki. Mmoja akawa anahesabu.

Hapo ndipo kigari cha gofu kikafika nje, na kipaza sauti kikanguruma bustani nzima. Kule mwisho wa mbio waandaaji walikuwa wamekaa na medali zao, na baada ya wale wenye kasi kufika, hakuna mwingine aliyetokea.

"Nekesa! Watu wangu wako wapi?"

Nikajikunja. Bendera ikatikisika.

"Nekesa! Naona bendera dirishani! Uko wapi?"

"Niko hapa, Kapteni."

"Toka!"

"Bado, Kapteni."

Kipaza sauti hakikuzimwa. Nasema tena ili mnielewe: hakikuzimwa. Bustani nzima, pamoja na mbwa wenye fulana, ikamsikia Kapteni akivuta pumzi ndefu na kusema polepole, "Ya Rabbi. Yuko chooni."

Nilipotoka walikuwa wamepanga mistari miwili, wananipigia makofi. Makofi! Nikapita katikati yao nimelowa, bendera imepinda kama mgomba uliokatwa. Kapteni hakucheka wala hakukaripia, na hilo ndilo lililonimaliza. Alinifungua bendera mwenyewe, akaniangalia, akasema, "Nenda nyumbani, Nekesa." Basi. Mbio nikawaachia wao wajimalizie. Kwenye kituo cha basi nililia, sitawaficha. Niliona taulo zangu zote za miaka ijayo zimekunjwa zinanisubiri. Miaka ya kusoma nikitoka kazini, halafu nafasi yangu ipotelee chooni!

Sasa subirini. Nikiwa naandika hapa, simu imelia. Ni Kapteni, ujumbe wa sauti. Nimeuweka sikioni kwa kuibia.

"Nekesa. Kukimbia hujui, nimeona. Lakini miaka yote natafuta msaidizi ambaye watu watamfuata. Wangu wote wakipuliza filimbi hakuna anayegeuka. Wewe hukusema hata neno, na wamekufuata mpaka chooni. Nafasi ni yako. Karo khalas."

Nimepiga kigelegele ndani ya metro. Yule mwanamume wa mbele amehamia behewa lingine. Aende! Nina chuo mimi!

Nilikuwa nataka niishie hapo, niwaage vizuri kama mtu mwenye shahada ya pili. Ujumbe mwingine umeingia.

"Jambo moja. Margaret na wenzake wamekataa mtu mwingine yeyote. Wanasema ni wewe tu. Jumamosi ijayo. Kilomita kumi."

Mwenye jamaa wa Iten, kule kwa wakimbiaji wa kweli, aliyeko Dubai, mwenye miguu mizuri na moyo wa huruma, anitumie namba yake leo leo. Nyinyi wengine chekeni, siwazuii, lakini mkimaliza kucheka mniombee.