Beseni la Fundi na Saa ya Taifa ya Kuoga

Kabla hakujapambazuka, kifuniko cha sufuria kilianza kucheza. Tk-tk-tk. Bibi Dobi, aliyekuwa amesinzia kwenye kigoda kando ya jiko, akafumbua macho. Maji ya mumewe yamechemka. Akafungua redio yake ndogo, ile iliyofungwa mpira ili betri zisidondoke, na papo hapo taifa zima likatangaziwa jambo kubwa.

"Wizara ya Uogaji na Unadhifu wa Mwili," ikasema redio kwa sauti nene, "inawatangazia wananchi wote kwamba ule ubishi wa miaka mingi, uliogawa familia na kuchelewesha watu kazini, umemalizwa rasmi. Wapo waliopenda kuoga wamelala kwenye beseni. Wapo waliopenda kuoga wamesimama chini ya bomba la mvua. Kuanzia leo, wote wanapenda kusimama."

Bibi Dobi akatikisa kichwa kukubali. Serikali imefanya kazi.

Redio ikaendelea kueleza kwamba utafiti umefanyika. Mwananchi anayeoga amesimama yuko nusu ya safari ya kwenda kazini; anayeoga amelala yuko nusu ya safari ya kurudi kitandani. Kwa hiyo mabeseni yote ya kujilaza yatarejeshwa serikalini leo hii kwa lori, ingawa si serikali iliyoyatoa. Na ili umoja uonekane, saa moja kamili asubuhi king'ora kitalia, na kila nyumba itafungua bomba lake kwa pamoja. Hiyo itaitwa Saa ya Taifa ya Kuoga.

Maandalizi yalikuwa ya kina. Ilikuwepo Kamati Ndogo ya Sabuni. Ilikuwepo Kamati Ndogo ya Taulo. Ilikuwepo hata Kamati Ndogo ya Kuimba Bafuni, iliyoruhusu ubeti mmoja na kiitikio, basi. Kamati Ndogo ya Maji haikuundwa, kwa sababu maji yalikuwa chini ya wizara nyingine, na wizara hizo mbili hazikuwa zikisalimiana.

Tuseme kweli, Bibi Dobi mwenyewe hakuwa na ugomvi na bomba la mvua. Tangu usichana wake alipenda maji yanayompiga kichwani na kushuka zake. Alifua nguo za watu maisha yake yote, mikono yake ilishinda kwenye beseni tangu asubuhi, na hakuona ni raha gani mtu aipate kwa kuingia mzimamzima mahali ambapo shuka huingia. Mumewe, fundi cherehani mstaafu, ndiye aliyekuwa mtu wa kujilaza. Kwa ubishi huo wameishi kwenye ndoa miaka yote.

"Wewe unajichemsha kama supu," mke alikuwa akimwambia.

"Na wewe unanyeshewa kama mbuzi aliyesahaulika nje," mume alikuwa akijibu.

Beseni lenyewe lilitoka kwenye hoteli moja ya zamani iliyobomolewa. Lilikuwa la chuma, refu, na miguu minne, ambayo sasa ilikuwa mitatu na tofali. Majirani wanne walilibeba hadi nyumbani bila kudai kitu, na mmoja wao mpaka leo akipita huuliza, "Halijambo?"

Lakini tangu mwaka jana mambo yalibadilika. Fundi alipooza upande mmoja, na ulimi wake ukawa mzito. Juu ya kitanda alisema "ee". Juu ya kiti alisema "a-aa". Hakuna zaidi. Ila akishalazwa kwenye maji ya moto, maji yakamfika shingoni, mabega yakalegea, basi maneno yalikuwa yakitoka moja moja. Daktari alikuna kidevu akasema hajui kwa nini. Bibi Dobi hakuhitaji kujua kwa nini. Kila asubuhi alichemsha maji, akakaa kwenye kigoda kando ya beseni, akasubiri mumewe amwambie jambo lolote, hata kama ni kumlalamikia sabuni.

Na leo ndiyo lori la mabeseni lilikuwa linakuja.

Kwa hiyo alimwingiza Fundi majini mapema kuliko kawaida. Alimshika chini ya makwapa, akamshusha taratibu kama anayelaza mtoto aliyelala. Akamwogesha mgongo. Akasubiri.

"Maji," Fundi akasema baadaye, "leo... umeyaweza."

"Leo tu?"

"Jana... yalikuwa ya mbuzi."

Bibi Dobi akacheka mpaka akashika ukingo wa beseni. Kisha akageuza uso upande wa ukuta, akajifanya anatafuta dodoki.

Hodi ikapigwa. Mlangoni alikuwa Afisa Uogaji wa mtaa, mtu mzima mwenye viatu vilivyolika upande mmoja. Ni yeye aliyekuja wiki iliyopita kuwafungia bomba la mvua la Wizara. Maagizo yalitaka liwe juu, kimo cha mwananchi wa wastani. Afisa alimtazama Fundi, akalifunga chini, na ukutani akaongeza kishikio cha chuma alichokitoa nyumbani kwake. Wizarani aliripoti kwamba ukuta ulikuwa mfupi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mmewahi."

"Lori ndilo limewahi. Mimi nalifuata tu." Akashusha sauti. "Mama, mambo ni mazito. Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu anakuja hapa hapa."

"Kwangu? Kufanya nini?"

"Kuoga."

Ilikuwa hivi. Mkurugenzi Mkuu wa Uogaji alitakiwa kuzindua Saa ya Taifa kwa vitendo, redio ikitangaza moja kwa moja, katika nyumba ya mwananchi wa kawaida. Nyumba ya Bibi Dobi ilichaguliwa kwa sababu za kitaalamu: mbele yake palikuwa na nafasi ya kuegesha magari matatu.

"Sasa naomba nitoe beseni kabla hajafika," Afisa akasema.

"Litoe tu, mwanangu. Ila babu yako yumo."

Afisa akachungulia. Fundi akamwinulia mkono ule mzima. Afisa akavua kofia, akafikiri, akaivaa tena.

"Mimi nimetumwa beseni," akasema. "Babu sikutumwa."

Akavuta pazia la plastiki, likamficha Fundi pamoja na maji yake, na kazi ya serikali ikaendelea.

Mkurugenzi Mkuu aliingia akiwa na kaptula rasmi ya kuogea yenye nembo ya Wizara kwenye paja la kushoto. Alikuwa mtu mnene, mwenye uso wa kuzindua. Mtangazaji wa redio akatundika kipaza sauti kwenye msumari wa dodoki, akatoka nje kwa heshima. Kutoka jikoni, redio ya Bibi Dobi ikaanza kurudia kila neno la Mheshimiwa, ikichelewa kidogo.

"Ndugu wananchi! Nipo bafuni!"

"...Nipo bafuni!" ikasema jikoni.

"Mwongozo ni rahisi. Kwanza unajilowesha kidogo. Halafu unafunga maji. Kisha unajipaka povu mwili mzima, kuanzia utosini, bila upendeleo. Hapo unasubiri king'ora. Kikilia, taifa lote tunafungua kwa pamoja. Tusimame!"

Akafungua bomba kidogo, akajilowesha, akafunga. Akajipaka povu kichwani, masikioni, kifuani, hadi akawa kama kondoo wa sherehe. Akaimba ubeti mmoja na kiitikio. King'ora kikalia mji mzima.

Mheshimiwa akafungua bomba.

Bomba likakohoa. Likakohoa tena. Likatoa tone moja, nalo likakaa mdomoni mwa bomba likitafakari, halafu likarudi ndani.

Maana mji mzima ulikuwa umefungua kwa pamoja, kama ulivyoagizwa, na maji ya mabombani yalikuwa yale yale ya siku zote.

"Kuna hitilafu ndogo ya kitaalamu," Mkurugenzi Mkuu akaliambia taifa. Kisha povu likamwingia machoni. "Mamaaa!"

"...Mamaaa!" ikasema jikoni.

Afisa akatoka mbio kwenda kwa majirani. Akarudi mikono mitupu. Upande wa kulia mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama dirishani, mweupe wa povu hadi kiunoni, akiuliza kama hatua inayofuata imeshatangazwa. Upande wa kushoto familia nzima ilikuwa imejipanga uani, macho wameyafumba, wakisubiri. Wananchi walikuwa watiifu sana siku ile.

"Maji! Nipeni maji!" Mheshimiwa akalia, akipapasa ukuta. Mkono wake ukakuta kile kishikio cha chuma, akaking'ang'ania. "Nani ameweka hiki? Mungu ambariki!"

Afisa akatazama viatu vyake.

"Maji yapo," Bibi Dobi akasema.

"Wapi, mama?"

"Ndani ya hilo mlilokuja kulichukua."

Mkurugenzi Mkuu akazidi kukikumbatia kishikio. Ni mtu wa msimamo, hilo lazima lisemwe. "Mama, hayo ni maji ya kulala."

"Ni ya kulala, lakini yanasuuza."

"Sera hairuhusu..." Povu likaingia jicho la pili. "Sera itapitiwa upya! Nisogezeni!"

Bibi Dobi akavuta pazia. Mheshimiwa hakuona kitu, ila aliinua mguu, na alipokanyaga ndani akakanyaga goti la mtu.

"Kuna nini humu?"

"Kuna mwenyewe," Bibi Dobi akasema. "Omba ruhusa kwanza."

Hapo Mkurugenzi Mkuu wa Uogaji, na nembo yake pajani, akaomba ruhusa kwa fundi cherehani. Fundi akamtazama kuanzia povu hadi nembo. Akalivuta goti lake bovu kwa mkono mzima, akamwachia nafasi upande wa miguu.

"Kaa," akasema.

Mheshimiwa akakaa. Maji yakapanda, yakamwagika sakafuni, tofali likaguna lakini likashikilia. Bibi Dobi akachukua kopo, akamsuuza macho polepole, akimkinga masikio kwa kiganja kama alivyowasuuza wanawe. Mtu akilia kwa sabuni huulizi cheo chake.

Maji ya moto yalipomfika shingoni, Mkurugenzi Mkuu akatoa pumzi ndefu ambayo huenda aliibana tangu siku aliyoapishwa.

"Aaaah."

"...Aaaah," ikasema jikoni.

"Mama, haya maji mnayafanyaje?" akauliza, macho ameyafumba kwa raha sasa. "Beseni langu la nyumbani ni kubwa mara mbili ya hili, lina hata mito ya kichwa, lakini halikai na moto namna hii. Kila usiku najilaza mle saa nzima, na bado natoka na baridi mgongoni!"

Jikoni redio ikaendelea, kwa uaminifu, neno kwa neno.

"...najilaza mle saa nzima, na bado natoka na baridi mgongoni!"

Mkurugenzi Mkuu akafumbua macho. Akatazama kile kipaza sauti kwenye msumari wa dodoki. Kilikuwa na taa ndogo nyekundu, nzuri tu.

Kutoka nje, kwenye madirisha ya mtaa mzima, watu waliokauka na povu lao wakaanza kucheka. Kicheko kilianza kwa mwalimu wa hesabu, kikashika njia, kikaenda zake mjini.

Afisa akajikohoza. "Mheshimiwa, samahani. Umesema beseni la nyumbani?"

"Nilikuwa natoa mfano."

"Lenye mito?"

"Mfano wenye mito, ndiyo."

"Maana lori liko hapo nje, Mheshimiwa, na agizo lako wewe mwenyewe linasema lisirudi tupu." Afisa hakuwa na kejeli hata chembe, alikuwa mtu wa kufuata agizo. "Hili lina watu wawili, siwezi kulibeba. Lile sasa hivi halina mtu."

Lori likaondoka. Redio ikalifuata njia nzima, ikatangaza hata jinsi geti la Mheshimiwa lilivyokuwa jembamba na wananchi wenye povu walivyojitolea kusaidia kupitisha. Siku ile serikali ilikusanya beseni moja tu nchi nzima, nalo lilikuwa na mito.

Mkurugenzi Mkuu alisikiliza yote hayo akiwa amejilaza, kwa sababu hakuwa na haraka ya kutoka nje. Mwishowe akasema kwa sauti ya kiofisi, "Naelekeza kwamba beseni hili libaki hapa. Liitwe Kituo cha Utafiti wa Uogaji wa Kulala. Mtafiti Mkuu ni huyu mzee. Mimi nitakuwa nakuja kukagua."

"Mara ngapi?" Bibi Dobi akauliza.

"Utafiti utaamua."

Basi beseni likabaki. Bibi Dobi hakushangilia. Aliupitisha tu mkono wake kwenye ukingo wa chuma, mara moja, kama anayepangusa vumbi.

Maji yalipoanza kupoa akawatoa wote wawili, mgonjwa kwanza. Taulo lilikuwa moja, wakagawana. Akamkalisha Fundi kwenye kiti chake jikoni, akamfunga kanga mabegani, akamfuta katikati ya vidole vya miguu. Alijua maneno yamekwisha kwa leo. Juu ya kiti huwa ni "a-aa" tu, na yeye atasubiri kesho.

Mkurugenzi Mkuu, mwekundu wa macho, akasimama mlangoni akibana kaptula yake. Nje mtaa ulikuwa unamsubiri. Akamwinamia Fundi.

"Asante kwa nafasi, mzee wangu. Shikamoo."

Fundi akafungua mdomo. Ulimi ukahangaika. Bibi Dobi akaacha kufuta, taulo mkononi, maana mumewe alikuwa mkavu kabisa na bado kuna kitu kilikuwa kinakuja.

"Njoo tena, mwanangu," Fundi akasema. "Ila... uje umeshaoga."