Dakika Tatu Bila Kumtaja

Jumatatu, 7 Machi 2005

Mwanangu Keziah ameanguka sasa hivi kwenye ngazi za baraza. Goti limechubuka, damu ikatoka, akanitazama kana kwamba ngazi nilizijenga mimi. Nikapuliza. Nikahesabu. Sijafika mia mbili, damu imekoma yenyewe! Karudi kumfukuza paka.

Nimepata hotuba! Alhamisi bodi ya shule za umma hapa kwetu Kansas inapiga kura: je, darasa la baiolojia lisomewe ukurasa mmoja tu unaotilia shaka mageuzi, yale ya kwamba viumbe vilibadilika vyenyewe polepole? Kila mwananchi ana dakika tatu. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, lakini dakika zangu ni tatu, sawa na za daktari. Sitaki mwanangu aje aambiwe pale kwamba alitokea tu.

Jumanne, 8 Machi

Nimempigia Bwana Ostrander, wakili tunayesali naye. Kasema damu ni hoja safi: vitu zaidi ya kumi ndani yake vinapokezana kazi ya kuigandisha, ukitoa kimoja mtoto anavuja bila kukoma, basi haviwezi kuwa vilikuja kimoja kimoja. Ila kanionya: "Binti yangu, usimtaje Mungu. Sheria ya Marekani hairuhusu shule ya umma kufundisha dini; ukimtaja tu, mahakamani tumekwisha. Sema Mbunifu." Nikauliza, Yeye mwenyewe hatakasirika? Akasema ataelewa.

Jumatano, 9 Machi

Mazoezi. Mezani nimemshukuru Mbunifu kwa maharage na viazi. Mume wangu Dwight akafungua jicho moja: "Mama Keziah, huyo naye nani?" Nikamwambia ni mkakati. Akasema yeye atakula kwa jina la yule wa zamani.

Marlys Tibbets wa kwaya naye kajiandikisha kusema. Wa kwanza kabisa! Kama kawaida yake.

Ijumaa, 11 Machi

Jana. Ukumbi umejaa. Mwalimu Pruitt wa baiolojia akanitangulia. Akasema nyangumi amekosa kimoja kati ya vile vitu vya kugandisha damu, na bado damu yake inaganda vizuri tu. Nyangumi! Hapa Kansas! Nikasimama na Keziah mkononi, nikaonyesha goti. Nikasema Mbunifu mara saba. Mzee mmoja wa bodi akavua miwani, akafuta macho. Nilikuwa nimeshinda, naapa.

Kisha nikainamisha kichwa, mdomo ukaenda peke yake: kwa jina la Yesu, amina.

Ukumbi mzima: AMINA! Hata wajumbe wanne wa bodi. Bwana Ostrander akafunika uso kwa kofia. Mwanasheria wa bodi akaandika kitu, bila shaka hilo jina, akafunga faili. Kura: watano hapana, wawili ndiyo.

Mwalimu Pruitt alinishikia mlango. "Mama, hilo goti lipake dawa," akasema, akamchekea mtoto. Nililia ndani ya gari. Nikamwomba Mungu msamaha, sijui kwa lipi: kwa kumficha, au kwa kumtaja.

Jumamosi, 12 Machi

Nimewaza sana. Kosa nimeliona: Marlys! Ndiye aliyeanza kuitikia. Halafu, kusema kwa mdomo ni hatari. Barua haiinamishi kichwa! Nitaiandikia bodi ya elimu ya jimbo. Goti, damu, Mbunifu, basi. Nyangumi simgusi. Bwana Ostrander hana haja hata ya kuisoma. Naijaribu hapa kwanza:

"Wapendwa katika Bwana, nawasalimu katika jina la Yesu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nami nataka kuwaeleza, bila kumtaja yeyote, kwamba Mbunifu..."

Dwight ananiita. Anasema Keziah kashika funguo za gari, anaelekea chooni, nikimbie kabla