Benchi la Nyuma Lina Mtu

Jumatatu, 3 Juni

Kikao cha wazee wa kanisa. Mchungaji kalalamika kwamba jana alihubiria mabenchi. Wazee mbele, vijana wawili watatu nyuma kabisa, wapate kuchomoka kabla ya baraka. Katikati jangwa! Makao makuu wanataka kulifunga kanisa letu. Mwalimu wa Kwaya kapendekeza semina. Semina! Mimi, mkuu wa wahudumu wa mlangoni, nina dawa: nitawatoa vijana nyuma kwa woga. Wakae mbele na wazee, wapende wasipende.

Jumanne, 4 Juni

Nimeanza. Nimemnong'oneza kinyozi kwamba benchi la nyuma lina mtu. Haonekani. Watu wakishanyamaza, yeye huitikia "Amina" kwa sauti nzito. Kinyozi mashine kaizima, kagoma kuendelea. Nimerudi nyumbani nimenyolewa upande mmoja. Si kitu. Kazi ya Bwana.

Alhamisi, 6 Juni

Uvumi umenitangulia nyumbani. Binti yangu, ambaye hajakanyaga kanisani tangu agombane na mama yangu kuhusu suruali, kauliza ni benchi lipi hasa. Mama, aliyekuwa akichambua mchele, kainua kichwa. Kasema huyo asisingiziwe kuwa pepo. Kisha kaniuliza, taratibu:

"Hukohoa kwanza, siyo?"

Kikohozi sikukitunga mimi!

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda kufagia kanisa mchana kweupe, nijithibitishie kwamba mimi ni mwongo tu. Benchi la nyuma limejaa vumbi. Isipokuwa mahali pa mtu mmoja. Nimepagusa. Pana joto, kama mtu kanyanyuka sasa hivi. Nikaimba ubeti mmoja ili miguu isikimbie, nikamaliza kwa Amina. Kimya. Halafu kikohozi.

Ufagio nimeuacha hukohuko.

Jumapili, 9 Juni

Nyomi! Vijana wamefurika, na wote wanataka nyuma! Wazee nao wamekuja kukemea, wakajazana hukohuko. Mbele hakuna hata nzi. Mchungaji kabeba Biblia yake, kawafuata. Hofu iliwabana pamoja: kijana wa hereni kashikwa mkono na bibi kizee ambaye juzi tu alimwita mhuni, na hakuna aliyemwachia mwenzake.

Kwenye benchi lenyewe walithubutu kukaa watu wawili. Mama huku, binti yangu kule, na suruali yake. Katikati nafasi ya mtu mmoja.

Wimbo ulipoanza, binti hakujua maneno. Mama akamnyooshea kitabu. Mkono haukufika. Kitabu kikatoka mkononi mwake polepole, kikavuka ile nafasi, kikasimama mbele ya binti. Nimekiona kwa macho yangu! Binti akakipokea.

"Asante," kasema, na hakuwa akimtazama Mama.

Baada ya sala, kimya. Kikohozi. Kisha "Amina", nzito, mbao zikatetemeka. Nilishika kitasa cha mlango. Hakukimbia mtu, basi nikaona aibu kuwa wa kwanza. Mama alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Binti akamuuliza ni nani.

"Babu yako. Alikuwa hakosi Jumapili."

Baba yangu! Alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Sauti yake nimeitoa wapi mimi?

Wamerudi nyumbani wameshikana mikono, wakigombana kuhusu suruali. Na Mchungaji kamshukuru nani mbele ya kanisa zima? Mwalimu wa Kwaya. Kwa semina ambayo haijafanyika!

Jumatatu, 10 Juni

Mchungaji kanibana ofisini: uvumi ule ulianzia wapi? Nilitaka kukiri. Nikasema kwa kinyozi.

Kaniambia makao makuu watamtuma mtu kutukagua Jumapili ijayo, na mabenchi ya mbele sasa ndiyo matupu. Tatizo dogo. Nikapitia kwa fundi viatu. Nikamweleza, kwa siri kubwa, kuhusu mwanamke wa benchi la mbele: gauni jeupe, huimba sauti ya kwanza, miguu hana.

Fundi kanikatiza. Miguu anayo, kasema. Juzi kaleta viatu vyake vishonwe soli, bado hajaja kuvichukua. Kanionyesha. Vina udongo mbichi.

Nimemuaga haraka. Huyo basi aachwe na mambo yake. Kesho naanza na mnara wa kengele. Kule nina hakika hakuna mtu.